Uwanja wa kriketi wa kimataifa: hujengewa mchezaji au mtazamaji?

Mwanagenzi ameuliza:

Wakuu, salamu. Mimi ni mtu wa soka tangu utotoni, na kriketi nimeanza kuifuatilia mwaka 2024, wakati wa Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita inayorushwa). Mechi iliyoninasa ni ile ya India na Pakistan ya tarehe 9 Juni, iliyochezwa katika uwanja wa muda uliosimikwa ndani ya bustani ya Eisenhower, kaunti ya Nassau, nje kidogo ya jiji la New York. Nilichokiona kwenye runinga kilinipendeza mno: majukwaa ya watu wapatao 34,000, bendera kila upande, na kelele zisizopoa. India walitolewa wote kwa mikimbio 119, yaani pointi za kriketi, nami nikadhani mambo yamekwisha, kumbe Pakistan nao wakaishia 113.

Kilichonishangaza ni kwamba wapenzi wa siku nyingi wa mchezo huu waliendelea kuulalamikia uwanja ule hata baada ya mechi tamu kiasi hicho. Katika soka, ukinipa viti vizuri, nyasi zilizosawazishwa na njia za kutokea zisizo na msongamano, nitausifu uwanja wako bila kusita. Huku naona watu wana mizani nyingine. Naomba basi wenye ujuzi mnieleze: uwanja wa kriketi wa kimataifa unatakiwa umpe nini mchezaji, na umpe nini mtazamaji? Na pale mahitaji ya wawili hao yanapogongana, ni nani hutangulizwa?

Mzee Rola amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, karibu sana. Nimetunza uwanja wa klabu kwa muda mrefu, wala haukuwa wa kimataifa, lakini udongo ni udongo, na swali lako limegusa mahali ninapopafahamu.

Uwanja wa kriketi hukaguliwa kuanzia katikati kwenda nje. Pale katikati pana ukanda wenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, ambao sisi tunauita pichi, na kwa kuwa mrushaji kwa kawaida hudundisha mpira ardhini kabla haujamfikia mpigaji, ukanda huo mdogo ndio unaoamua kama mechi itakuwa ya ustadi au ya bahati nasibu. Mchezaji hadai pichi iwe rahisi. Anadai iaminike: ikiwa mpira uliodunda mahali fulani umepanda hadi kiunoni, mwingine utakaodunda papo hapo kwa kasi ile ile nao upande vivyo hivyo, na kama tabia ya pichi itabadilika, basi ibadilike taratibu kadiri siku zinavyokwenda na ardhi inavyochakaa.

Hilo ndilo lililokosekana Nassau. Pichi zile zilioteshwa Florida ndani ya trei, zikasafirishwa kwa malori hadi New York na kupachikwa wiki chache tu kabla ya mashindano. Mpira mmoja ulipanda hadi mbavuni, na uliofuata ukapita kwenye vifundo vya miguu. Sri Lanka walitolewa kwa mikimbio 77 dhidi ya Afrika Kusini. Siku mbili baadaye Ireland wakatolewa kwa 96 dhidi ya India, na katika mechi hiyo hiyo nahodha wa India, Rohit Sharma, aligongwa mkononi na mpira akalazimika kutoka. Baraza la Kimataifa la Kriketi, yaani ICC, lilikiri lenyewe kwamba pichi hazikuwa na uthabiti uliotarajiwa. Majukwaa yalikuwa yamesimamishwa kwa kasi ya kustaajabisha, baadhi yake yakiwa yamekwisha kutumika katika mbio za magari za Las Vegas. Jukwaa unaweza kulifunga kwa boliti usiku kucha likawa tayari asubuhi, lakini udongo haufungwi kwa boliti.

Nikueleze kwa nini hauharakishwi. Udongo wa pichi una mfinyanzi mwingi. Hunyweshwa maji hadi chini, huachwa, kisha hupitishiwa rola, kwanza nyepesi, baadaye nzito, kwa siku kadhaa mfululizo, ili maji yatoke polepole na chembe za mfinyanzi zishikane. Nyasi hukatwa zikabaki na urefu wa milimita chache, na mizizi yake hufanya kazi ya uzi: hufuma udongo usipasuke mapema, na hunyonya unyevu uliojificha chini. Ukipitisha rola nzito wakati pichi bado ina maji mengi, sehemu ya juu inakuwa ngumu kama gamba huku ndani mkiwa kama uji, na mechi ikishapamba moto gamba linaanza kubanduka. Ukichelewa, rola inapita juu juu bila kufanya lolote. Mimi nilikuwa nikipima kwa ufunguo wa banda la vifaa: ncha yake ikizama, nasubiri, ikiacha mkwaruzo mweupe tu, najua kesho mpira utaruka. Nimekosea mara nyingi, na lipo kosa moja ambalo wachezaji wa klabu ile wananitania nalo hadi leo. Mvua ilinyesha usiku, nami kwa kuogopa kuchelewa nikapitisha rola asubuhi na mapema, wakacheza mechi nzima kama watu wanaodundisha mpira kwenye godoro.

Ndiyo maana uwanja mkubwa hauna pichi moja. Uwanja wa Narendra Modi ulioko Ahmedabad, ambao kwa viti vyake 132,000 ndio mkubwa kuliko vyote vya kriketi duniani, una pichi 11 zilizolala sambamba pale katikati, nyingine za udongo mwekundu na nyingine za udongo mweusi. Mwekundu kwa kawaida huupandisha mpira juu zaidi. Mweusi hushika unyevu, na mpira hudunda chini na kwa ulegevu. Mwenyeji anayechagua ukanda wa kuchezea anachagua pia aina ya mechi, na hapo mcheza kwao hutunzwa, ingawa si kila siku. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 19 Novemba 2023 ilichezwa uwanjani hapo kwenye pichi iliyokwisha kutumika na iliyokuwa nzito. India walipata 240 kwa taabu, usiku ukaingia na umande, mpira ukaanza kuja vizuri kwenye gongo, na Travis Head wa Australia akapiga mikimbio 137 mbele ya watu zaidi ya 90,000 ambao wengi wao hawakuja kuliona hilo.

Pichi hulaumiwa pia kwa kuwa tulivu kupita kiasi. Melbourne, mwezi Desemba 2017, Australia na Uingereza walicheza siku tano zikaanguka wiketi 24 tu, yaani wapigaji waliotolewa walikuwa 24 tu, na Alastair Cook akabaki na mikimbio 244 bila kutolewa. ICC iliipa pichi ile alama ya ubaya, kwa sababu warushaji hawakuwa na chochote cha kushika. Siku hizi uwanja unaopewa alama mbaya huandikiwa pointi za adhabu, na zikirundikana hupokonywa haki ya kuandaa mechi za kimataifa kwa miezi 12. Wanaohukumiwa namna hiyo ni pichi na eneo la kuchezea, si ulaini wa viti.

Binti Wiketi amejibu:

Mzee Rola, shikamoo. Umesema ya chini ya miguu, niruhusu niseme ya mbele ya macho, kwa sababu mimi ni mpigaji na mlinda wiketi, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, wa ngazi ya klabu, na kitu cha kwanza ninachokitazama nikiingia uwanja mgeni ni kile kiambaza kikubwa kilicho nyuma ya mrushaji, ng'ambo ya mpaka.

Mtazamaji mgeni hudhani ni ubao wa matangazo uliosahauliwa kuchorwa. Kazi yake ni kumpa mpigaji mandhari tupu ambayo mpira hautapotelea: mpira mwekundu ukitumika huwa cheupe, na mpira mweupe ukitumika huwa cheusi. Mrushaji wa kasi anapouachia mpira kwa kilomita 140 kwa saa, mpigaji ana takriban nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kusogea. Ukiona kwenye runinga mpigaji ananyanyua mkono na mchezo unasimama, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu anatembea na chupa yake ya maji kule nyuma ya mkono wa mrushaji. Hiyo si jeuri. Niliwahi kucheza mahali ambapo kiambaza hakikuwapo kabisa, na nyuma ya mrushaji paliegeshwa basi jeupe. Ilipofika alasiri vioo vyake vikaanza kurudisha jua, nikatolewa na mpira ambao mpaka leo sijui ulikujaje. Katika uwanja wa kimataifa hilo halivumiliki, na viti vilivyo upande ule huachwa wazi au hufunikwa, hata kama tiketi zake zingeuzika kwa dakika tano.

La pili ni mpaka. Kanuni za ICC zinataka kamba ya mpaka isiwe chini ya mita 59.43 wala isizidi mita 82.29 kutoka katikati ya pichi, na kati ya kamba na uzio pabaki nafasi, ili mchezaji anayekimbilia mpira aweze kujirusha na kuteleza bila kuvunjika bega. Hapa ndipo mgongano uliouliza unapoonekana, ndugu Mwanagenzi: kamba ikivutwa ndani, sita, yaani mipigo inayovuka mpaka bila kugusa ardhi na kuleta mikimbio sita, zinakuwa nyingi na umati unafurahi, lakini mrushaji anayetegemea kumdanganya mpigaji apige juu ili adakwe karibu na mpaka ananyang'anywa silaha yake.

Taa nazo ni hivyo hivyo. Uwanja wa kimataifa wa Dubai hauna nguzo za taa. Taa zimezungushwa kwenye ukingo wa paa, kwa hiyo vivuli ni vichache na picha za runinga zinapendeza. Ukiuliza wadakaji waliowahi kucheza pale, wako wanaosema kwamba mpira uliopigwa wastani, usiopanda sana, hupita sawasawa na mstari wa zile taa na kuwapotea kabisa. Mtazamaji anaona mchezaji wa kulipwa akidondosha mpira wa kitoto, anacheka.

Vyumba vya wachezaji sitavisemea sana. Vinatakiwa viwe na nafasi, maji, mahali pa kutibiwa na roshani ya kuutazama mchezo, maana katika kriketi mpigaji anaweza kuketi saa nne akiwa amekwisha vaa pedi, akingoja zamu. Nyavu za mazoezi ziwe na pichi inayofanana na ile ya katikati, la sivyo mtu anajizoeza uongo. Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba siku ya mechi eneo la wachezaji na waamuzi hulindwa na maofisa wa kupambana na upangaji matokeo, na simu za wachezaji hukabidhiwa kabla ya mchezo kuanza.

Na baada ya kusema yote hayo, nakiri kwamba uwanja ninaoutamani kuliko wote una kasoro ambayo mjenzi wa leo asingeruhusiwa kuiacha. Lord's, London, uliopo mahali ulipo tangu 1814, una mteremko wa takriban mita mbili na nusu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mrushaji mgeni anaweza kuhangaika asubuhi nzima akijaribu kuelewa kwa nini mpira wake unakimbilia upande asioutaka. Mpigaji akitoka chumbani hupita katika ukumbi wa pavilioni, lile jengo la wachezaji na wanachama, katikati ya wanachama waliovaa suti, na akipata mikimbio 100 katika mechi ya Testi, yaani ile ya kimataifa inayochezwa hadi siku tano, jina lake huandikwa kwenye ubao unaobaki ukutani. Sijui kama huduma hiyo imo katika orodha ya mtu yeyote, ila wachezaji huitaja kabla ya kutaja bafu.

Jukwaa la Mashariki amejibu:

Naheshimu sana maelezo ya waliotangulia, lakini naona mtazamaji amefanywa mgeni mwalikwa nyumbani kwake. Nimelipia tiketi za kriketi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nina hoja.

Siku moja ya mechi ya Testi ina ova 90, yaani saa sita za mchezo, pamoja na dakika 40 za chakula cha mchana na 20 za chai. Hakuna mchezo mwingine mkubwa unaomweka mtu kitini muda huo, tena pengine kwa siku tano. Kwa hiyo kivuli si anasa. Nimeketi upande wa jua katika uwanja uliosifiwa kwa usasa wake, paa likiwa limefunika wageni maalumu peke yao, na ilipofika ova ya 30 watu wa safu yetu walikuwa wamejitwika magazeti na mifuko kichwani, wengine wamehamia ngazini kwenye kijia cha choo kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Maji yaliuzwa dirisha moja. Uwanja huo sitautaja, lakini pichi yake ilipewa sifa tele.

Mahali pa kuketi pia ni elimu. Ukiketi nyuma ya mrushaji, juu kidogo, unauona mpira ukipinda hewani na kugeuka baada ya kudunda, na ndipo utaelewa kwa nini mpigaji mkubwa ameaibishwa na mpira ulioonekana wa kawaida. Ukiketi ubavuni, unaona kasi na urefu wa kudunda, lakini mpindo hauuoni. Hapo skrini kubwa ndiyo inayokusaidia, pamoja na zile wiketi, vijiti vilivyosimama nyuma ya mpigaji, zinazowaka taa vile vidogo vilivyo juu yake vikibanduka. Tena si lazima kila mtu awe na kiti. Kule Centurion, Afrika Kusini, sehemu kubwa ya mzunguko ni mteremko wa nyasi, familia hutandika shuka na watoto hucheza kriketi yao wakati wakubwa wanatazama ile nyingine. Melbourne, ndani ya uwanja wenyewe mna jumba la makumbusho ya michezo la taifa, hivyo mvua ikinyesha mtu ana pa kwenda.

Na hapo hapo Melbourne ndipo penye jibu langu kwa Mzee Rola. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilichezwa tarehe 5 Januari 1971 kwa sababu mvua ilikuwa imeiharibu mechi ya Testi, na waandaaji hawakutaka watu warudi nyumbani mikono mitupu. Walijitokeza zaidi ya watu 46,000. Kriketi ya siku moja, na baadaye hii ya ova 20 iliyomleta ndugu Mwanagenzi, imetokana na kumfikiria mtazamaji. Pichi bila yeye ni shamba dogo lililotunzwa vizuri.

Mwanagenzi ameandika tena:

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia, ahsanteni nyote. Jukwaa la Mashariki ametaja mvua, nami naona mvua inawagusa wote wawili. Je, uwanja wa kimataifa hujikinga nayo vipi? Na je, nchi isiyo na uwezo wa kujenga viti 100,000 inaweza kuwa na uwanja wa hadhi hiyo?

Mzee Rola amejibu:

Jukwaa la Mashariki amenipata, na habari ya dirisha moja la maji imenisikitisha. Hata hivyo mwaka 1971 watu wale wasingetazama chochote kama uwanja usingekauka.

Kinga ya mvua ina sehemu mbili. Chini ya nyasi huwekwa mchanga na mtandao wa mabomba, ili maji yashuke badala ya kutuama. Lord's walifukua eneo lote la kuchezea katika majira ya baridi ya 2002 na 2003, wakaondoa udongo mzito wa mfinyanzi na kuweka wenye mchanga, na tangu hapo mchezo hurejea haraka baada ya mvua iliyokuwa ikiua siku nzima. Uwanja wa Chinnaswamy, Bengaluru, umefungiwa mitambo inayoyavuta maji kutoka chini. Angalia ugumu wa kazi: pichi yenyewe inataka mfinyanzi unaoshika maji, na eneo linaloizunguka linataka mchanga unaoyaachia, hatua chache tu kutoka pale.

Sehemu ya pili ni watu. Mjini Colombo, kwenye uwanja wa R. Premadasa, hawafuniki pichi peke yake; hufunika karibu uwanja wote. Wingu likionekana, kikosi kizima cha wafanyakazi hukimbia kikivuta maturubai mazito, na mvua ikikatika huyakunja kwa uangalifu ili maji yaliyojaa juu yasimwagike kwenye pichi iliyopitishiwa rola asubuhi. Fainali ya Kombe la Asia ya tarehe 17 Septemba 2023 ilichezwa hapo baada ya wiki kadhaa za mvua. Mohammed Siraj wa India alichukua wiketi sita kwa mikimbio 21, Sri Lanka wakatolewa kwa 50, na Siraj akaitoa zawadi yake ya mchezaji bora wa mechi, dola 5,000 za Marekani, kuwapa watunza uwanja. Nilipoiona habari ile niliiita familia yangu yote sebuleni.

Swali la nchi zenye uwezo mdogo namwachia Binti Wiketi, maana najua ana la kusema.

Binti Wiketi amejibu:

Ninalo, Mzee. Hadhi ya kimataifa haihesabiwi kwa viti. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, ambao ni wa klabu na majukwaa yake ni ya kawaida kabisa, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Januari 2014. Uwanja ni mdogo, na mji uko juu kiasi cha hewa kuwa nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa unakwenda. Hapo hapo, mwaka 2003, Kenya waliwafunga Sri Lanka katika Kombe la Dunia, Collins Obuya akichukua wiketi tano.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Gahanga, nje kidogo ya katikati ya Kigali, uwanja uliofunguliwa Oktoba 2017. Pavilioni yake ni matao matatu membamba yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa huko huko, na umbo la matao hayo limeiga njia ya mpira unaodunda: unapanda, unashuka, unagusa ardhi, unapanda tena. Mechi za kimataifa za wanaume na wanawake zinachezwa pale, na mwaka 2021 palifanyika mechi za Afrika za kufuzu Kombe la Dunia la ova 20. Fedha zilitafutwa kwa kila njia. Mwezi Mei 2016 nahodha wa Rwanda, Eric Dusingizimana, aliingia kwenye nyavu za mazoezi akapiga mipira kwa saa 51, rekodi ya dunia, ili uwanja huo ambao wakati huo haujakamilika upate kuchangiwa.